Miguu Ambayo Haikuvutwa

Siku ya kwenda kuandikisha ndoa yao, Nainakala na mwenzake walianza kwa kugombania shali. Nainakala alimtaka mwenzake, ambaye ndiye alikuwa mgonjwa, avae ile nzito ya sufu, kwa sababu ukungu wa mwezi wa Mangsir ulikuwa bado umelala kwenye matuta ya Katusepani, kijiji chao cha milimani, na moyo wenye mlango mbovu hautaki baridi. Mgonjwa alitaka ile nyekundu, iliyotobolewa na nondo pembeni, aliyovishwa na Nainakala kisimani miaka arobaini na moja iliyopita.

"Utakufa kwa urembo wewe," Nainakala alisema.

"Basi nife mrembo. Bibi harusi gani anavaa blanketi?"

"Una miaka sitini na tatu."

"Na wewe sitini na mbili, na mpaka leo ugali wako wa ulezi una mabonge. Lete shali."

Nainakala akaleta shali. Hakuwahi kushinda ugomvi hata mmoja ndani ya nyumba ile, wala hakuwa na nia ya kuanza siku hiyo.

Mwenzake aliitwa Khagisara Khadka. Sisi tunaweza kumtaja, maana sisi hatukuapa. Nainakala aliapa. Wawili hawa walikuwa mitini, yaani marafiki waliofungana kwa maji na maua mbele ya watu, na mtu hatamki jina la mitini wake mpaka anakufa. Anamwita mitini, basi. Na mambo hayaishii hapo. Mama wa mitini wako anakuwa mama yako, kaka yake anakuwa kaka yako, na watoto wenu hawawezi kuoana hata vipite vizazi saba. Nasema haya mapema kwa sababu yalikuja kuwaletea balaa.

Siku ile ya kisima Nainakala aliikumbuka mpaka harufu yake. Maua ya manjano yalikuwa yamesukwa na majani mabichi, na mtungi wa shaba ulisuguliwa kwa majivu hadi ukang'aa. Walikaa wakitazamana juu ya mawe mawili yenye utelezi. Walimwagiana maji mara tano, wakavishana mashada, wakabadilishana shali, nyekundu ikaenda na ya buluu ikaja. Wanawake wa kijiji waliimba nyimbo za kuwatania, na Khagisara alicheka sana akakaribia kuanguka kisimani. Wengine hufunga urafiki huo kwa kuwa wamefanana sura, wengine kwa kuwa wamefanana majina. Wao walifunga kwa kuwa hapakuwa na fundo lingine. Kwa msichana na msichana, Katusepani ilikuwa na kamba hiyo moja tu, nao wakaichukua wakashukuru.

Wakati huo Nainakala alikuwa na miezi mitano tu nyumbani kwa akina Khadka. Mama yake alikufa siku ya kumzaa, na mama wa kambo hakulia alipomwona anatoka mlangoni na mundu wake na nguo ya kubadili. Alikuja kusaidia mavuno ya ulezi. Mavuno yalichukua siku tisa, naye akakaa miaka arobaini na moja. Watu walisema maneno yao, kama kawaida ya watu, kisha wakachoka, kama kawaida ya watu. Khagisara alikataa wachumba wanne. Yule wa nne alikuja na bendi nzima ya tarumbeta, na Khagisara akapanda juu ya mchungwa asishuke mpaka tarumbeta ziliponyamaza. Ilikuwa miaka mizuri. Palikuwa na nyati mmoja mkorofi, na redio iliyosikika tu ukiiweka juu ya ghala. Jioni za baridi walikaa jikoni wakimenya machungwa, na maganda yalinukia motoni. Nainakala angeirudia miaka ile yote, hata ile ya ukame, kama angekuwapo wa kumrudishia.

Kilichowatoa nyumbani kwenda kwenye ofisi ya kata ni hospitali. Mwezi wa Bhadra, miezi mitatu kabla ya siku hiyo, mahindi yakiwa bado yananing'inia kwenye uchaga, Khagisara alianguka shambani midomo ikiwa ya buluu. Walimbeba kwa machela mpaka barabarani, kisha kwa gari mpaka hospitali kubwa ya nchi tambarare. Daktari alitaka kumpitishia mpira mwembamba kwenye mshipa mpaka moyoni, na kabla ya hapo alitaka saini.

"Mgonjwa ni nani?" karani wa dirishani aliuliza.

Nainakala alimwonyesha kwa kidole.

"Jina lake, mama."

Nainakala akasukuma kadi kwenye kishimo cha dirisha.

"Kadi naiona. Nakuuliza wewe. Hujui jina la mgonjwa wako?"

"Nalijua."

"Si ulitaje basi."

"Siwezi."

Karani alimtazama kama mtu aliyekamata mwizi wa kuku. "Wewe ni nani wake?"

"Mitini wake."

"Aha. Rafiki." Akarudisha kadi. "Rafiki hatii saini, mama. Leta ndugu."

Ndugu alikuwa mmoja tu, mdogo wake Khagisara, Topbahadur, askari mstaafu, na wakati huo alikuwa kusini kabisa ya India akimtembelea mwanawe. Alichukua siku mbili na nusu kufika. Siku mbili na nusu Nainakala alikaa sakafuni kando ya kitanda akisikiliza kifua cha mwenzake, na kila pumzi ilipochelewa alianza kuomba. Topbahadur alifika, akatia saini bila hata kuvua kofia, na Khagisara akapona nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya Kathmandu. Safari hiyo wangefungua kifua chenyewe, na tarehe ilipangwa mwezi wa Magh.

Wiki moja baada ya kurudi, mjukuu wa jirani aliwaonyesha habari kwenye simu. Mahakama ya Juu ilikuwa imeagiza ndoa za watu kama wao ziandikwe, kwenye daftari la muda, mpaka sheria yenyewe itungwe. Amri yenyewe ilikuwa imetolewa zamani kidogo. Ilikuwa imepita wilaya zote ikipanda mlima kwa mwendo wa nyati, na ofisi ya kata ya Katusepani nayo ilikuwa imeshapokea barua. Khagisara alimsikiliza yule binti mpaka mwisho, akamaliza chai yake.

"Mitini," akasema, "tuoane."

"Si tulishaoana kisimani?"

"Kisima hakina mhuri."

Ndiyo sababu asubuhi hiyo ya Mangsir walipanda mpaka ofisini, Khagisara katika shali yake nyekundu, akipumzika kwenye kila jiwe na kusingizia kwamba anatazama milima. Kwenye bonde la pili tarumbeta za harusi ya mtu zilikuwa zinalia. Mwezi huo ni wa harusi, na mtu asipoalikwa kwenye tatu au nne hujiuliza amemkosea nani.

Katibu wa kata aliitwa Rishi Devkota, kijana mwenye miwani, aliyeoa mwaka uliotangulia na bado alikuwa na haya ya kusema hivyo. Daftari la muda lilikuwa jipya kabisa, jalada la kijani, na ukurasa wa kwanza haukuwa umeguswa na mtu. Alikuwa amenunua wino mpya pia. Kwenye benchi walikaa majirani watano wa kushuhudia kwamba wawili hawa wanaishi pamoja kama mtu na mwenzi wake. Kati yao alikuwamo Bibi Dhanrupa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwenye miaka themanini na minne, sigara yake ya majani ikiwa imebanwa kwenye kona ya mdomo.

"Tunaanza na mashahidi," katibu alisema. "Kuna mtu yeyote mwenye pingamizi?"

"Lipo," sauti ikasema mlangoni.

Topbahadur aliingia na mwavuli wake na kofia ya jeshi. Hakuwa mtu mbaya, na sitamfanya mbaya ili hadithi iende haraka. Alimpenda dada yake. Kabla ya kusema neno lingine aliinama akagusa miguu ya Khagisara kwa paji la uso, kama mdogo wa kiume anavyomwinamia dada, kisha akasimama akaweka mwavuli ukutani.

"Katibu, funga hilo daftari. Hawa ni ndugu."

"Wa damu?"

"Wa kiapo. Hapa kwetu ni yale yale. Watoto wa mitini hawaoani, sembuse mitini wenyewe? Huyu ni dada yangu, na mitini wa dada yangu ni dada yangu. Nionyeshe mahakama iliyosema dada aoe dada."

Katibu alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alisoma barua ya maagizo, kisha fomu, kisha barua tena. Fomu ilikuwa na mstari wa undugu, na mashahidi walitakiwa waseme kama upo.

"Wakisema kwa mila za hapa hawa ni ndugu, mimi siwezi kuandika," alisema kwa huzuni ya kweli. "Itabidi niulize wilayani."

"Kuuliza kunachukua muda gani?" Nainakala aliuliza.

"Mwezi. Pengine miwili."

Magh ilikuwa imebaki wiki sita. Nainakala aliona lile dirisha la hospitali, na kadi ikirudishwa kwenye kishimo.

"Tope," Khagisara alimwambia mdogo wake, "we mtoto nimekubeba mgongoni ukinikojolea."

"Dada, nani amekukataza kuishi naye? Mimi? Kaeni hata miaka mia. Saini nitatia mimi. Nilitia Bhadra, nitatia tena."

"Ulitia baada ya siku mbili na nusu," Nainakala alisema.

"Treni ilichelewa."

"Najua ilichelewa. Safari ijayo itakuja mapema?"

Topbahadur aliiacha treni, akakimbilia hoja nyingine. Akamgeukia, na sauti yake ikalainika, na kulainika huko ndiko kulikoharibu mambo. "Mitini-dada, mfikirie Mama. Mama yetu alikupokea ukiwa huna mtu. Alikuchukua kama binti yake wa kumzaa. Leo ndivyo unavyomlipa?"

Wapo watu wenye kidonda kilichofunikwa vizuri kiasi kwamba hata wao wamekisahau, mpaka mtu akikigusa kwa upole. Nainakala alisimama.

"Mama yako," alisema, "hakunipokea kama binti hata siku moja."

Benchi lote likageuka.

"Mitini," Khagisara alisema taratibu, "acha."

"Siachi. Nimeacha miaka arobaini na moja." Alimwelekea Topbahadur. "Siku ile tulipotoka kisimani niliingia mlangoni kwenu nimelowa chapa. Nikamwinamia Mama. Nilijua atavuta miguu. Nilikuwa nangoja aivute, kama mama anavyoivuta binti akijisahau, aniambie, we mwana una wazimu, binti hainamii wazazi, wazazi ndio humwinamia. Nilitaka aniambie hivyo tu, Tope. Hakuivuta. Aliiacha palepale, nikaweka paji langu juu yake, akanipa mkono kichwani kama mtu anayepokea mtumishi. Miaka ishirini na miwili, kila sikukuu, niliinama. Kila sikukuu nilisema leo ataivuta. Sikukuu ya Dashain ikifika alimwinamia bintiye mbele yangu, mimi akanipa miguu. Mimi nilikuja pale natafuta mama, nikapewa miguu."

Topbahadur alifungua mdomo, lakini Nainakala alikuwa hajamaliza.

"Na tika ya ndugu, zile rangi za pajini, siku ya Tihar? Nani alisaga mchele? Mimi. Nani alikoroga rangi zote saba? Mimi. Shada lako la maua ya zambarau alisuka nani? Ukishakaa mkekani umenyoosha uso, Mama ananiambia, 'We nenda jikoni, mafuta yanaungua.' Kila mwaka. Mafuta hayakuwahi kuungua hata siku moja. Nilikuwa nasimama jikoni, moto umezimwa, nawasikia mnacheka. Unaniita dada. Dada gani hajawahi kumpaka kaka yake tika?"

Akakaa. Papo hapo aibu ikamshika. Alikuwa amesema mambo ya nyumbani mbele ya katibu wa serikali, na tena juu ya marehemu. Alivuta ncha ya shali yake akafuta uso. Khagisara alimshika kiganja chini ya benchi, na kiganja cha Khagisara kilikuwa baridi kama kawaida yake tangu Bhadra.

Sigara ya Bibi Dhanrupa ilikuwa imezimika. Aliitoa mdomoni, akaitazama, kisha akaanza kucheka. Alikuwa na meno manne na aliyaonyesha yote.

"Katibu," alisema, "umeyaandika hayo?"

"Niandike nini, bibi?"

"Mwanangu, wewe umesoma sana lakini nyumba huijui. Umeoa?"

Katibu akaona haya. "Nimeoa."

"Nyumbani kwenu nani anaweka kichwa kwenye miguu ya mama yako?"

"Mke wangu."

"Dada zako?"

"Hapana. Mama hawezi kukubali. Mama ndiye anayewainamia."

"Na siku ya tika ya ndugu, ukikaa mkekani, mkeo yuko wapi?"

"Yuko jikoni," katibu alisema, na akaanza kusema polepole zaidi. "Anapika. Yeye hawezi kunipaka mimi wala kaka yangu. Huwapaka kaka zake, kwao."

"Haya," Bibi Dhanrupa alisema. "Na huyu, funguo za ghala la mama yule alipewa na nani? Sema, Naina. Ulipewa na nani?"

"Na Mama. Wiki aliyokufa."

"Mtumishi haachiwi funguo za ghala. Binti pia haachiwi. Ninyi watu mna macho ya kuwekea miwani tu? Anayeinama ni mkamwana. Anayefukuzwa jikoni siku ya tika ni mkamwana. Anayepewa funguo ni mkamwana. Miaka ishirini na miwili mwanamke yule amesema kitu kimoja, na hakuna aliyemsikia, hata wewe uliyeinama."

"Alikwambia?" Nainakala aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Hakuniambia kitu. Alikuwa mtu wa kusema yule? Chumvi tu kuiomba ilimchukua nusu saa. Lakini siku ile ya kisima nilikuwa mlangoni. Nilimwona anakutazama umeinama, na miguu ikataka kurudi nyuma, ikatikisika hivi. Akaizuia. Nikasema moyoni, ala. Kisha nikanyamaza, maana nami nilikuwa na binti wa kuozesha na sikutaka maneno."

Tarumbeta za bonde la pili zilikuwa zimefika kwenye wimbo wa kumpandisha bibi harusi kwenye machela. Nainakala aliketi na mambo yote aliyoyajua yakiwa yamepinduliwa. Mkono ule kichwani aliukumbuka uzito wake, ulikuwa mzito na ulikaa muda mrefu. Mama alinong'ona kitu, midomo yake ilicheza, lakini maji ya kisima yalikuwa bado yamo masikioni mwa Nainakala na hakusikia. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kujiuliza mtumishi ananong'onewa nini.

Topbahadur alikuwa amekaa kwenye ncha ya benchi. Alivua kofia. Bila kofia alionekana mzee, na alifanana na mama yake.

"Nilimuuliza Mama," alisema, akiitazama kofia. "Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwana wa jirani alikuwa anapakwa tika na dada yake na mitini wa dada yake, anapata zawadi mbili. Nikamwambia Mama, mbona mimi nina dada wawili napakwa na mmoja? Akanizaba kofi. Akasema, 'Yule si wa kukupaka wewe.' Nikajua hampendi. Nikaona vibaya, nikanyamaza." Akaiweka kofia gotini. "Niliona vibaya miaka yote hii. Ndiyo maana nilikuwa nakuita dada kwa nguvu."

Akasimama, akaenda mezani kwa katibu, akauliza mstari wa undugu uko wapi. Katibu akamwonyesha.

"Andika hakuna," alisema Topbahadur. "Mama wa nyumba alishakata shauri kabla yako na kabla ya mahakama. Mimi nitakuwa shahidi wa sita. Bonyeza sana hiyo kalamu, inaonekana wino haushuki."

Majirani watano walisema hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na wawili wao walisema kana kwamba walijua tangu zamani. Ikabaki fomu yenyewe. Ilikuwa ile ile ya siku zote, na ilikuwa na nafasi moja ya mume na moja ya mke. Katibu aliomba radhi kwa niaba ya mpiga chapa.

"Mwandike yeye mume," Khagisara alisema. "Ugali wake huo ni wa mume."

"Huwezi," Bibi Dhanrupa alisema. "Mkamwana ni yeye. Wewe ndiye mwana wa nyumba. Umepanda mtini kuwakimbia waume wanne, na sasa umekuwa wa tano."

Khagisara alicheka mpaka ikabidi wamletee maji, na Nainakala akamgombeza kwa kucheka, na Topbahadur akamgombeza Nainakala kwa kumgombeza mgonjwa. Katibu aliandika Khagisara Khadka kwenye nafasi ya mume. Kisha akamgeukia Nainakala, kwa kuwa maagizo yalisema kila mmoja amtaje mwenzake kwa kinywa chake.

"Mama, taja jina kamili la mume wako."

Nainakala akasukuma kadi mbele yake. Benchi zima likatazama sakafu likijizuia.

"Usimuulize," alisema Topbahadur. "Mitini hatamki jina."

"Na mke hatamki jina la mume," alisema Bibi Dhanrupa. "Huyo amefungwa kotekote. Soma kadi, mwanangu."

Katibu akasoma kadi. Akapiga mhuri, na mhuri ulikuwa mkavu, akaupumulia, akapiga tena. Nainakala alitia saini yake ya herufi kubwa kubwa, aliyofundishwa na Khagisara juu ya majivu ya jikoni mwaka wa kwanza wa mavuno yale. Alipoinua uso Topbahadur alikuwa amemshikia karatasi isipeperuke.

"Shemeji," alisema, akikohoa kidogo kulizoea neno, "ikunje mara mbili tu. Ukiikunja mara nne hospitali watasema imechanika."

Waliporudi nyumbani jua lilikuwa limeshaondoa ukungu, na Topbahadur alimbeba dada yake mgongoni kwenye mteremko wa mwisho, akisema kwamba deni la kukojoleana limelipwa. Khagisara alilazwa barazani penye jua, shali nyekundu ikiwa imemfika kidevuni, na alilala karibu papo hapo. Karatasi ilikuwa chini ya mto wake. Nainakala aliingia ndani peke yake.

Picha ya Mama ilitundikwa juu ya mlango wa ghala. Shada la Tihar la mwaka huo lilikuwa bado juu yake, lile la maua ya zambarau yasiyonyauka, ambalo Nainakala alilisuka mwenyewe kwa hasira kidogo kama kila mwaka. Mama alitazama mbele, midomo imefungwa, kama mtu anayetaka kuomba chumvi. Mpiga picha wa sokoni alikuwa amemkata kifuani. Hapakuwa na miguu.

Nainakala alisimama pale akiiangalia picha, funguo za ghala zikiwa kiunoni mwake. Kisha akapiga magoti chini yake, mahali ambapo miguu ingekuwa, akaweka paji la uso juu ya sakafu ya udongo aliyoipaka yeye mwenyewe asubuhi ile.

"Mitini," Khagisara aliita kutoka nje, nusu usingizini, "unatafuta nini huko?"

"Nakuja," Nainakala alisema.

Lakini alikaa hapo kwa muda. Sakafu ilikuwa baridi na ilinukia udongo mbichi, na safari hii hakuwa anangoja mtu avute miguu.